Mialoni ya Victoria na mikono inayoilinda

Katika pwani ya magharibi ya Kanada, kusini mwa kisiwa cha Vancouver, kuna mbuga ndogo ndogo za mialoni ambazo kila mwaka, ifikapo Aprili na Mei, hugeuka buluu kwa maua. Mbuga hizo ni miongoni mwa mazingira ya asili yaliyo adimu zaidi nchini humo. Kwa makadirio ya wataalamu, sehemu iliyobaki katika hali inayokaribia ile ya asili haizidi asilimia 5 ya eneo la awali katika jimbo la British Columbia.

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, wakazi wa mji wa Victoria na vitongoji vyake wamekuwa wakijitolea kuziokoa. Wastaafu, wanafunzi na familia nzima nzima hukutana siku za mapumziko, wakiwa na glavu, misumeno na mikasi ya bustani, ili kung'oa mimea ya kigeni na kupanda ile ya asili.

Hata hivyo, kadiri kazi hiyo ilivyoendelea ndivyo lilivyojitokeza swali zito zaidi. Je, mbuga hizo zilikuwa pori ambalo lingejitunza lenyewe kama lingeachwa? Au zilikuwa shamba ambalo wakulima wake waliondolewa?

Mti na mbuga yake

Mwaloni si jina geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Wanaosoma Biblia wanaukumbuka katika masimulizi ya Ibrahimu, aliyepiga hema yake penye mialoni ya Mamre. Lakini ni wachache katika Afrika Mashariki waliouona mti wenyewe, kwani barani Afrika mialoni ya asili hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama vile Morocco, Algeria na Tunisia.

Mti unaozungumziwa hapa huitwa mwaloni wa Garry, na jina lake la kisayansi ni Quercus garryana. Mtaalamu wa mimea kutoka Uskochi, David Douglas, aliupa jina hilo kwa heshima ya Nicholas Garry, aliyekuwa naibu gavana wa Kampuni ya Hudson's Bay. Ndio mwaloni pekee wa asili katika British Columbia, na kutoka hapo huenea kusini kupitia majimbo ya Washington na Oregon hadi California nchini Marekani.

Mwaloni wa Garry hukua taratibu na unaweza kuishi karne kadhaa. Hustahimili ukame, na hilo ni jambo muhimu, kwa sababu Victoria haifanani na sehemu nyingine za pwani hiyo zinazojulikana kwa mvua nyingi. Milima ya Olympic, iliyo upande wa Marekani, huukinga mji huo na mawingu ya mvua, na kiangazi chake huwa kikavu.

Chini ya mialoni hakuna giza la msitu. Miti husimama kwa nafasi, na jua hupenya hadi kwenye nyasi na maua. Mimea mingi huchanua mapema, wakati udongo ungali na unyevu wa majira ya baridi. Kufikia Julai mbuga nzima huwa kahawia, mithili ya mbuga za Afrika Mashariki mwishoni mwa kiangazi.

Zaidi ya aina 100 za mimea na wanyama wanaoishi katika mazingira hayo zimeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

Shamba lisilo na uzio

Mwaka 1843 Kampuni ya Hudson's Bay, iliyokuwa ikifanya biashara ya ngozi za wanyama, ilijenga ngome mahali ambapo sasa ni katikati ya mji wa Victoria. Mwakilishi wake, James Douglas, alivutiwa na ardhi ya hapo kwa sababu ilikuwa wazi na yenye rutuba, tofauti na misitu mizito ya misonobari iliyotanda sehemu nyingi za kisiwa. Wageni hao waliiona kuwa ni kazi ya maumbile.

Ukweli ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa imefanyiwa kazi kwa vizazi vingi. Wenyeji wake, Walekwungen, ambao leo wanatambulika kama mataifa ya Songhees na Esquimalt, walikuwa wakilima humo mmea waitwao kwetlal. Huo ndio mmea wenye maua ya buluu ambayo hadi leo huwavutia watalii. Wataalamu huuweka katika jenasi ya Camassia.

Chakula chenyewe kilikuwa chini ya ardhi: mzizi mnene unaofanana na kitunguu kidogo. Wanawake ndio walioshika kazi hiyo. Walichimbua kwa vijiti vya mti mgumu, wakachukua vitunguu vikubwa na kurudisha vidogo udongoni. Walitoa mawe na magugu. Hasa waliondoa mmea mwingine unaofanana sana na kwetlal lakini wenye sumu kali. Ule wenye sumu huchanua maua meupe, kwa hiyo wakati wa kuutambua ulikuwa ni majira ya maua, kabla majani hayajakauka na yote miwili kuonekana sawa.

Familia zilikuwa na sehemu zao katika mbuga, zikirithiwa kutoka kwa wazee. Vitunguu vilipikwa katika mashimo yaliyopangwa mawe ya moto, vikafunikwa kwa majani, makangaga au mwani, na kuachwa kwa muda wa siku nzima au zaidi. Upishi huo wa polepole hugeuza wanga usiomeng'enyeka kwa urahisi kuwa sukari, na chakula huwa kitamu. Ziada iliuzwa kwa jamii za mbali.

Baada ya mavuno, mbuga zilichomwa moto. Moto huo uliopita upesi juu ya nyasi kavu uliua miche ya misonobari na vichaka, ukaacha mialoni iliyokomaa ikiwa salama kwa sababu ya magome yake manene, na kurudisha rutuba udongoni. Bila moto, misonobari ingekua haraka kuliko mialoni na kuifunika kwa kivuli.

Kati ya mwaka 1850 na 1854 James Douglas alifanya mikataba 14 ya ardhi na wenyeji wa kisiwa hicho. Mikataba hiyo iliahidi kwamba wenyeji wangebaki na maeneo ya vijiji vyao na mashamba yao yaliyozungushiwa uzio. Mbuga za kwetlal hazikuwa na uzio. Kwa macho ya wakoloni, hazikuwa mashamba.

Yaliyofuata yalikuja kwa kasi. Ng'ombe na nguruwe wa walowezi waliingizwa mbugani, na nguruwe wakafukua vitunguu. Mwaka 1862 ugonjwa wa ndui ulienea kutoka Victoria na kuua watu wengi wa asili katika pwani nzima. Uchomaji wa mbuga ulipigwa marufuku. Mwaka 1911 watu wa Songhees waliondolewa katika ardhi yao iliyokuwa kando ya bandari ya Victoria na kuhamishiwa Esquimalt.

Mji ulipokua, sehemu zilizokuwa na udongo mwingi, ambazo ndizo zilizokuwa bora kwa kwetlal, zilikuwa za kwanza kugeuzwa mashamba ya ngano, kisha mitaa ya nyumba. Ndiyo maana mbuga nyingi zilizobaki ziko kwenye miamba na vilima ambako ujenzi ulikuwa mgumu.

Mgeni kutoka Uskochi

Adui anayejulikana zaidi na watu wanaojitolea ni kichaka chenye maua ya manjano, ambacho jina lake la Kiingereza lina maana ya mfagio wa Uskochi, kwani vijiti vyake vilitumika zamani kufungia mifagio. Aliyekipeleka huko anajulikana. Ni Kapteni Walter Colquhoun Grant, mlowezi wa Kiskoti, aliyepanda mbegu zake huko Sooke, magharibi mwa Victoria, mwaka 1850. Inasimuliwa kwamba mbegu hizo alizipata Hawaii, na kwamba ni miche mitatu tu iliyoota.

Leo kichaka hicho kimeenea sehemu kubwa ya kusini mwa kisiwa. Kichaka kimoja kilichokomaa kinaweza kutoa maelfu ya mbegu. Maganda yake yakikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbali. Mbegu zikiingia udongoni huweza kukaa miaka 30 au zaidi zikiwa hai, zikingoja nafasi ya kuota. Aidha, mizizi yake huongeza naitrojeni katika udongo, jambo ambalo mkulima wa mahindi angelifurahia, lakini ambalo huzipa nguvu nyasi za kigeni dhidi ya maua ya mbugani yaliyozoea udongo hafifu.

Wasomaji waliouona mmea wa mathenge huko Baringo nchini Kenya, au magugu maji katika Ziwa Victoria, watalitambua tatizo hili. Mmea unapelekwa mahali kwa nia njema au kwa kupendeza macho, na baada ya miaka unageuka mzigo ambao vizazi vinavyofuata hulazimika kuubeba.

Pamoja na mfagio wa Uskochi kuna mimea ya kutambaa kutoka Ulaya inayopanda miti na kuilemea, vichaka vya miiba, na nyasi za malisho zilizoletwa kwa ajili ya mifugo. Paa nao, ambao mijini hawana wa kuwawinda, hula miche ya mialoni kabla haijainuka. Katika manispaa ya Oak Bay, ambayo jina lake lenyewe limetokana na mialoni, wanyama hao wamekuwa wengi kiasi kwamba mwaka 2019 ulianzishwa mpango wa kuwapa paa majike dawa ya kuzuia mimba.

Vyama vya kujitolea

Mwaka 1992 wakazi wa Victoria waliunda chama cha kuhifadhi mbuga za mialoni wa Garry. Mwaka 1999 iliundwa timu iliyowakutanisha wanasayansi, maofisa wa serikali, wawakilishi wa mataifa ya asili na vikundi vya kujitolea, kwa lengo la kupanga namna ya kuyafufua mazingira hayo. Mwaka 2011 timu hiyo ilitoa mwongozo mrefu wa kazi za urejeshaji, unaoeleza kila hatua, tangu kupima udongo hadi kuotesha mbegu.

Mwaka huohuo wa 1999, shirika la uhifadhi la Nature Conservancy of Canada lilipata hifadhi ya mialoni karibu na mji wa Duncan, katika bonde la Cowichan. Hifadhi hiyo ni moja ya sehemu chache ambako mbuga yenye udongo wa kina imesalia.

Ndani ya Oak Bay kwenyewe kuna bustani ya Uplands, yenye ukubwa wa hekta 30 hivi, ambayo ilikuwa ardhi ya umma tangu mwaka 1946. Kikundi cha marafiki wa bustani hiyo kimekuwa kikiongoza wanafunzi na wakazi katika kung'oa magugu. Huko Fort Rodd Hill, ngome ya zamani ya mizinga iliyo magharibi mwa Victoria, idara ya hifadhi za taifa ya Kanada imekuwa ikitumia watu wanaojitolea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuotesha mimea ya asili na kuirudisha mbugani.

Sheria zipo, lakini zina mipaka. Sheria ya Kanada ya viumbe vilivyo hatarini, iliyopitishwa mwaka 2002, hufanya kazi hasa katika ardhi ya serikali kuu, ilhali mialoni mingi iko katika viwanja vya watu binafsi. Manispaa za eneo hilo zina kanuni zinazomtaka mwenye kiwanja kuomba kibali kabla ya kukata mwaloni. Kanuni hizo hulinda mti. Haziwezi kulinda maua yaliyo chini yake.

Kazi inavyofanyika

Anayejiunga kwa mara ya kwanza hufundishwa jambo linaloweza kumshangaza: kichaka kikubwa cha mfagio hakipaswi kung'olewa. Kukivuta kwa nguvu huchimbua udongo na kuamsha mbegu zilizolala. Kinachotakiwa ni kukikata chini kabisa, usawa wa ardhi, wakati kikiwa katika maua, kwani wakati huo kimetumia akiba yake kubwa na kabla ya ukame huwa hakina nguvu ya kuchipua tena. Miche midogo tu ndiyo inayong'olewa, tena udongo ukiwa na unyevu.

Jambo la pili ni mpangilio. Kazi huanzia sehemu iliyo nzuri zaidi, si ile iliyoharibika zaidi. Mahali penye mimea mingi ya asili husafishwa kwanza, kisha watu husonga nje kidogo kidogo. Wanaoanza na sehemu mbaya kabisa huchoka haraka, na nafasi waliyoifungua hujazwa na magugu mengine.

Mbegu za mwaloni hukusanywa msimu wa majani kupukutika. Hazivumilii kukaushwa kama mahindi au maharage, kwa hiyo hupandwa mapema. Kwanza hutiwa katika ndoo ya maji: zinazoelea huwa zimeliwa na wadudu na hutupwa, zinazozama ndizo hupandwa. Mzizi hutoka vuli hiyohiyo, na chipukizi huonekana majira ya kuchipua. Mche huzungushiwa wavu dhidi ya paa na panya, na huenda ukabaki ndani ya wavu huo kwa miaka mingi.

Kwetlal nayo huhitaji subira. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza hupita miaka kadhaa. Na kwa kuwa mbegu za mfagio zinaweza kuishi miongo mitatu, kusafisha mahali mara moja hakutoshi. Lazima watu warudi kila mwaka. Mwenye umri wa miaka 60 anayeanza kazi hii anajua kwamba hataona mwisho wake.

Suala la moto

Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Ecology lilichapisha utafiti uliofanyika katika mbuga za bonde la Cowichan. Watafiti waliuliza kama nyasi za kigeni ndizo zilizosukuma mabadiliko, au zilikuwa abiria tu katika gari lililokuwa likisukumwa na jambo jingine. Matokeo yalielemea jibu la pili. Kuondoa nyasi hizo peke yake hakukutosha kurudisha mimea ya asili. Mbegu za mimea hiyo zilikuwa hazifiki tena, na moto uliokuwa ukiiweka mbuga wazi ulikuwa umekoma.

Kwa maneno mengine, kilichopotea si mimea tu. Kazi yenyewe ilikuwa imepotea.

Tangu hapo wahifadhi wamejaribu kurudisha moto unaodhibitiwa katika vipande vidogo. Jambo hilo si rahisi mahali palipozungukwa na nyumba. Majirani huhofia moshi na cheche. Vilevile, wakazi wengine hukasirika wanapoona watu wanaojiita wahifadhi wakikata misonobari michanga, kwani wamezoea kufikiri kwamba kuhifadhi maana yake ni kutokata mti wowote.

Upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Washington, baadhi ya mbuga bora za aina hii zimesalia ndani ya kambi ya jeshi ya Lewis-McChord, kusini mwa Tacoma. Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Mizinga ya mazoezi ilikuwa ikiwasha moto mara kwa mara, na hakuna aliyeweza kujenga nyumba humo. Leo moto huchomwa kwa mpango.

Washington pia imetoa mifano ya matumaini. Ua la dhahabu liitwalo na wataalamu Castilleja levisecta liliwekwa katika orodha ya Marekani ya mimea iliyo hatarini mwaka 1997. Baada ya miaka mingi ya kuotesha, kupanda na kuchoma, liliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2023 kwa kuwa lilikuwa limeongezeka. Mwaka 2011 wanawake wafungwa katika gereza la Mission Creek walianza kulea viwavi wa kipepeo adimu wa mbuga hizo ili waachiliwe mbugani.

Si kila jitihada imefaulu vivyo hivyo. Mwaka 2012 ndege wa buluu wa magharibi, waliokuwa wametoweka katika kisiwa cha Vancouver kufikia miaka ya 1990, walianza kurudishwa bonde la Cowichan wakitokea Washington. Watu wa kujitolea walitengeneza na kukagua visanduku vya viota. Ndege hao walizaliana, lakini idadi yao imebaki ndogo.

Wenye mbuga

Kwa watu wa Songhees, mjadala huu si wa mimea peke yake. Cheryl Bryce, mwanamke wa taifa hilo, kwa miaka mingi amekuwa akiongoza kazi ya kurudisha mashamba ya kwetlal, yakiwemo yale ya visiwa vya Tl'ches, vilivyo baharini mbele ya Oak Bay. Katika kazi hiyo wenyeji wa asili na wakazi wengine huungana kung'oa mimea vamizi. Lengo si kupata mandhari ya kutazamwa. Lengo ni chakula kirudi mezani, na elimu ya kukilima irudi kwa watoto.

Hapo ndipo penye mgongano. Kanuni za bustani za umma kwa kawaida hukataza mtu kuchimba mimea. Kanuni hiyo imewekwa kwa nia ya kulinda, lakini inamzuia mjukuu wa aliyelima asifanye kile kilichoifanya mbuga iwepo. Kwetlal isipochimbwa, vitunguu husongamana na kudumaa. Kuchimba kwa utaratibu kulikuwa sehemu ya kuitunza.

Vikundi vingi vya kujitolea vimeanza kulikubali hilo, na vingine sasa huanza kazi kwa kuuliza wenyeji wa asili nini kifanyike na wapi. Watu waliokuja kuokoa maua wamejikuta wakijifunza historia ya ardhi wanayoishi.

Miaka ijayo

Mabadiliko ya hali ya hewa yanaongeza uzito wa kazi hii. Viangazi vya British Columbia vinazidi kuwa na joto na ukavu, na miti mingi ya pwani iliyozoea unyevu inadhoofika. Mwaloni wa Garry, uliozoea ukame tangu zamani, unahesabiwa na wataalamu kuwa miongoni mwa miti inayoweza kustahimili hali hiyo. Lakini mti hauwezi kuhama na kuenea ukiwa umezungukwa na lami. Utaenea tu iwapo kuna mtu wa kupanda mbegu yake.

Zamani kazi hiyo ilisaidiwa na ndege wa jamii ya kunguru wanaofukia mbegu ardhini ili wale baadaye, kisha husahau baadhi yake. Bado wanafanya hivyo. Ila mbegu nyingi leo huangukia kwenye ukoka unaokatwa kwa mashine kila wiki, na mche hauishi mwezi.

Kwa hiyo kila vuli, wakazi wa Victoria huinama chini ya mialoni ya mitaani, huokota mbegu na kuzitia katika ndoo za maji. Mti utakaotokana na mbegu hizo unaweza kuishi miaka 300. Aliyeupanda hatakaa kivulini mwake, na aliyeilima mbuga hiyo kabla yake hakuulizwa alipoondolewa. Kinachobaki ni kuona kama safari hii kazi itafanywa na wote wawili.